Anahesabu kwa Kiingereza mpaka kumi, lakini maji haombi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mwanangu Ibra ana miaka miwili na miezi saba. Tunaishi Kimara. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda dukani Kariakoo, narudi saa mbili usiku, kwa hiyo anashinda na dada. Ukimwita anakuja, bodaboda ikipita anainyooshea kidole na kunigeukia. Nyimbo za katuni anazijua, rangi anazitaja, anahesabu kwa Kiingereza mpaka kumi. Lakini akitaka maji ananivuta mkono mpaka kwenye ndoo, na maneno yake ya Kiswahili hayafiki ishirini. Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa. Jirani anasema ana udata, yaani ulimi umefungwa kwa chini, akakatwe. Shule ninayotaka aanze wameniambia tuzungumze naye Kiingereza nyumbani, na Kiingereza changu mimi ni cha kuungaunga. Vitabu na vifaa vya kujifunzia bei siiwezi. Nifanyeje? Mama Ibra, Kimara.

Jibu: Marahaba, Mama Ibra. Umeuliza mengi kwa pamoja, na moja halisubiri, kwa hiyo naanza nalo: mpeleke Ibra akapimwe masikio.

Mtoto wa umri wake kwa kawaida ameshapita maneno hamsini na anaunganisha mawili matatu: "mama njoo", "baba kaenda", "sitaki uji". Ibra bado. Hilo la kukunyooshea bodaboda halafu akakugeukia limenipa moyo kuliko yote uliyoandika, maana mtoto anayetaka na wewe uone alichokiona tayari ana hamu ya mazungumzo. Lakini kuja anapoitwa hakutoshi kuthibitisha kwamba anasikia vizuri. Watoto wenye mafua ya mara kwa mara wengi wao hukusanya maji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto wa namna hiyo anasikia mlango ukibamizwa, anasikia ukimwita kwa sauti kutoka uani, ila maneno ya kawaida yanamfikia yamefifia, na "paka" na "taka" kwake zinakuwa kitu kimoja. Vipo vipimo visivyomhitaji mtoto aseme chochote. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Na wala usiogope kitakachoonekana. Hata kwa watoto wasiosikia kabisa, Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017. Ingekuwa Ibra alikuwa na maneno yakapotea, au haitiki jina lake, au hakutazami usoni, ningekuambia amwone na daktari wa watoto, tena bila kungoja, achunguzwe usonji.

Mama mkwe hajakosea sana. Watoto wa kiume kwa wastani huwa nyuma kidogo ya wa kike. Lakini ni kidogo kweli, hakuwezi kueleza pengo la maneno thelathini na zaidi. Wapo pia wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao bila msaada wowote, tatizo ni kwamba leo hakuna awezaye kukuambia kama Ibra ni mmoja wao.

Udata, hapana. Ulimi uliofungwa na ngozi ya chini unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na wakati mwingine kutamka sauti chache kama "r" au "l". Haumzuii kuwa na maneno. Mtoto mwenye udata angekuomba maji kwa matamshi mabovu, lakini angekuomba. Na asije mtu akamkata na wembe nyumbani: ulimi una damu nyingi, na kidonda cha mdomoni kikiingia vijidudu kitakuletea shida kubwa kuliko uliyokuwa nayo.

Sasa tuje nyumbani. Tangu anaamka mpaka unarudi, Ibra anatazama katuni kwa muda gani? Hukuandika, ila nyimbo anazozijua zimeshasema. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Sababu mojawapo ilionekana mapema. Mwaka 2003 Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alichapisha matokeo ya watoto wachanga wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina, vipindi 12. Wale waliocheza na mtu aliyezungumza nao Kichina ana kwa ana walianza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo. Waliosikia maneno hayohayo kutoka kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Muda ule ule, lugha ile ile, tofauti ni kwamba televisheni haikuwa inawatazama.

Ndiyo maana Ibra ana "wan, tu, thri" na hana "nipe". Kuhesabu huko ni wimbo anaoukariri kama ulivyo, na katuni haijawahi kumjibu hata siku moja. Neno linageuka kuwa lake pale anapolitoa likamletea kitu: kikombe, kicheko, ubishi, kubebwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliowarekodi watoto wa miaka minne hadi sita majumbani mwao, kisha wakapiga picha za ubongo wao wakisikiliza hadithi, waliona kwamba kilichoendana na ubongo kuchangamka kwenye sehemu ya lugha ni idadi ya zamu za mazungumzo, yaani mtoto katoa, mkubwa kajibu, mtoto kaongeza. Wingi wa maneno aliyomwagiwa mtoto haukuwa na uzito huo. Kwa hiyo sitakuambia uongee mfululizo kama mtangazaji wa mpira. Nitakuambia umsubiri.

Tuanze na ndoo ya maji. Amekuvuta mkono, mmefika. Wengi hapa hukosea kwa njia mbili: ama wanachota na kumpa kimyakimya, ama wanamshurutisha, "Sema maji! Husemi, sikupi." Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu inayageuza maneno kuwa mtihani, na mtoto aliyefeli mitihani mitano hafanyi wa sita. Fanya hivi. Chuchumaa mwe macho kwa macho. Shika kikombe, usichote. Mtazame, nyanyua nyusi, kaa kimya kwa kama pumzi mbili tatu. Muda huo utauona mrefu, lakini yeye anahitaji muda kutafuta neno. Akitoa chochote, hata "mm" au "ji", hiyo ni zamu yake, mjibu: "Maji! Ibra anataka maji. Nikuchotee?" Chota. "Haya, maji baridi." Asipotoa kitu, yaseme wewe maneno hayo, mpe anywe, maisha yaendelee. Baada ya wiki kadhaa za namna hiyo kila akipata kiu, neno "maji" atakuwa amelisikia likiwa na kikombe, kiu na uso wako kwa pamoja, na hakuna kifaa cha dukani chenye uwezo huo.

Siku usipokwenda dukani, mpe kazi ya kweli. Chukulia maharage. Mwaga vikombe viwili kwenye ungo, kaeni kwenye mkeka. Mama niliyekuwa nafanya naye kazi Tabata alianza hivi: "Hii nini? Sema maharage. Hii rangi gani? Hii nini?" Mtoto akainuka akaenda zake. Nikamwomba aache kuuliza, achambue tu huku akisema anachokiona. Dakika chache baadaye mtoto alirudi mwenyewe:

"Jiwe hili. Jiwe, tunatupa. Kule!"

Mtoto akaokota harage lenye tundu. "Hii."

"Eeh, hilo lina tundu. Mdudu kalitoboa."

"Dudu."

"Mdudu kaingia ndani. Yuko wapi sasa?"

Mtoto akachungulia tundu. "Dudu nenda."

"Mdudu kaenda! Katukimbia."

Angalia alichofanya huyo mama. Mtoto alisema "dudu nenda" na yeye hakumwambia "siyo hivyo, sema mdudu ameenda". Alilirudisha neno likiwa limekamilika, akaongeza kidogo, zamu ikarudi kwa mtoto. Swali aliuliza moja tu, na lilikuwa swali la kweli, maana hata yeye hakujua mdudu yuko wapi. Ibra naye atakapoanza kuunganisha utasikia "viatu yangu", "naanguka" kumbe ni kikombe kinachoanguka. Watoto wadogo wa Nairobi waliorekodiwa na wanaisimu nao walikuwa wakidondosha viambishi mwanzoni mwa vitenzi, kwa hiyo usishtuke. Ngeli mtoto hafundishwi kwa jedwali. "Eti viatu vyako? Viatu vyako viko chini ya kitanda." Imetosha.

Mchele una utajiri wake pia: chuya, chenga, pumba, kupepeta. Nazi ndiyo kabisa, ina mbuzi, kifuu, machicha, tui zito na tui jepesi, na mtoto anaweza kukamua machicha kwa mikono yake miwili (atachafua, ndiyo, lakini mikono iliyojaa tui haishiki rimoti). Usimpunguzie maneno kwa kuona ni magumu. Kwake yeye "machicha" si gumu kuliko majina ya vikaragosi vya kwenye katuni, na hayo ameyashika.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni nguo, kwa sababu Kiswahili kina vitenzi viwiliviwili vinavyotendeka na kutenduka mbele ya macho ya mtoto. Mnaanika, mnaanua. Mnakunja, anakunjua (hili atalifanya bila kuombwa). Anavaa, anavua. Mnafunga kibanio, mnafungua. Akae na beseni, kazi yake kukupa nguo moja moja. "Tunaanika shati la baba. Tunaanika kanga ya mama. Tunaanika soksi ya..." halafu nyamaza, mtazame. Mtoto aliyesikia mtiririko huo mara tatu karibu atashindwa kujizuia kuumalizia. Na mawingu yakitanda ghafla kama yanavyofanya Dar mwezi wa nne, kimbieni wote mkipiga kelele, "Mvua! Tuanue, tuanue!" Neno ambalo mtoto amelikimbilia halimtoki.

Vifaa vya kununua viache. Visoda, vifuniko vya chupa za maji, boksi la sabuni, vifuu viwili na mchanga vinatosha kujipikilisha mpaka jioni, nawe ukija ukaomba chakula, "Naomba wali, mpishi. Una moto huu, nipulizie!" umeingia kwenye mazungumzo yake badala ya kumwingiza kwenye yako. Kitabu kikipatikana ni kizuri sana, na hapo pia msome picha kwanza, msikimbizane na maandishi. Kisipopatikana, simu yako ina picha za bibi, za harusi, za Ibra akiwa mchanga. Kaeni mzipitie taratibu, "Huyu nani? Bibi! Bibi kashika nini?" Simu ikitumika hivi sina ugomvi nayo.

Hayo yote nimeyaandika kana kwamba uko nyumbani, na hauko. Kwa hiyo mtu ninayemwandikia kweli ni dada.

Piga hesabu. Ukirudi saa mbili usiku na Ibra akalala saa tatu, una saa moja naye, na saa hiyo ina kuoga na kula ndani yake. Dada ana siku nzima. Nyumba nyingi ninazoingia, dada amekabidhiwa orodha ya kazi: afue, adeki, apike, mtoto ale, mtoto aoge, mtoto asilie. Hakuna aliyemwambia kwamba kuzungumza na mtoto nako ni kazi. Tena baadhi yetu tukimkuta anapiga soga na mtoto kando ya beseni lenye nguo tunamwona mvivu. Televisheni anaiwasha kwa sababu ndiyo inayotekeleza agizo la "asilie" huku yeye akitekeleza mengine. Simlaumu, na nakuomba wewe pia usianze kwa kumlaumu.

Keti naye, siyo kwa kumwita kumpa maagizo, keti naye mnywe chai. Mweleze Ibra amechelewa kusema na kwamba yeye ndiye anayeweza kumsaidia kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mwambie wazi ni kazi gani iko tayari kusubiri: kama nguo zitabaki kwenye beseni kwa sababu walikuwa wanabishana soksi ni ya nani, hutamfokea. Halafu siku hiyo ikifika usimfokee. Televisheni izimwe tangu Ibra anaamka mpaka baada ya chakula cha mchana, saa moja iliyoruhusiwa iwe mchana dada anapohitaji kupumua, naye ni binadamu. Asubuhi afanye kazi zake zile zile lakini na Ibra pembeni, akiwa na kitambaa chake cha kudekia, akitumwa: "Niletee mwiko." "Kikombe hiki kampe babu." Waende gengeni wote, Ibra ndiye abebe nyanya mbili na kumpa muuzaji hela. Wenye genge wa mitaa yetu wanajua kumsemesha mtoto kuliko wazazi wengi, na hapo mtoto anajifunza kuamkia, kuomba, kungoja zamu na kushukuru, yote ndani ya dakika tano.

Kama dada ametoka Sumbawanga au Bukoba na lafudhi yake unaisikia, iache. Kama anambembeleza kwa nyimbo za kikwao, aimbe. Mtoto hudhurika na ukimya, lafudhi haijawahi kumdhuru. Na ukipiga simu mchana usiishie "kala? kalala?" Muulize, "Leo Ibra kasema nini?" Ukiuliza hivyo kila siku, dada ataanza kusikiliza ili awe na la kukujibu, na mtoto anayesikilizwa anasema zaidi. Nimeona swali hilo moja likifanya kazi kuliko karatasi za mazoezi ninazowapa watu.

Baba yake hukumtaja. Kama yupo, amwogeshe jioni. Maji, kopo, povu na mtoto asiye na pa kukimbilia, hapo mazungumzo yanakuja yenyewe.

Sasa Kiingereza. Zungumza na Ibra Kiswahili, bila wasiwasi na bila kuomba radhi. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, kwa hiyo siogopi Kiingereza chenyewe. Ninachoogopa ni mama mwenye Kiswahili cha kubembeleza, cha kutania na cha kusimulia akiacha vyote hivyo na kubaki na "come here, sit down, don't touch" peke yake. Ukiwa na lugha ya kuungaunga unaishia kuamrisha tu, huwezi kubishana na mtoto kuhusu mdudu aliyetoboa harage. Mtoto anayejua kueleza jambo, kuuliza kwa nini, kupanga kilichoanza na kilichofuata kwa Kiswahili, anaingia darasani na ujuzi huo wote, na mwalimu anamwongezea maneno mapya juu yake. Kiingereza ni kazi ya shule, ndiyo unayoilipia ada. Na nitasema hili kwa maoni yangu binafsi: shule inayomwambia mzazi aache lugha yake na mwanawe haijui kazi yake sawasawa. Wajibu kwa adabu kwamba umeshauriwa na mtaalamu, Ibra anajengwa Kiswahili kwanza, Kiingereza atakikuta kwao.

Jambo jingine linalotoka kwenye malezi yetu, na najua nitabishiwa. Tunafundisha watoto kunyamaza wakubwa wanapozungumza, na adabu hiyo ni njema. Kwa mtoto ambaye bado anatafuta maneno, ipunguzieni makali kwa mwaka mmoja hivi. Akikatiza na "dudu" yake mbele ya wageni, mjibuni kwanza. Kusubiri zamu atafundishwa akiwa na cha kusema.

Usitegemee sentensi wiki ijayo. Vitakavyotangulia ni vingine: atakutazama zaidi, atatoa sauti nyingi zaidi huku akicheza, ataelewa agizo lenye hatua mbili, kama "chukua sahani umpelekee dada". Maneno yanafuata. Ikiwa masikio yamepimwa na yako salama, mmefanya haya kwa miezi mitatu kwa dhati, na bado maneno hayajaongezeka, omba rufaa ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Ukiona dalili mojawapo ya zile nilizotaja mwanzoni, usingoje miezi hiyo.

Nunua daftari dogo uliweke jikoni, na kalamu ifungwe kwa uzi, la sivyo Ibra ataondoka nayo. Kila neno jipya liandikwe na tarehe, jinsi anavyolitamka yeye: "ji", maji, "dudu", mdudu, "boda", bodaboda. Sauti yoyote anayoitumia kila mara kwa kitu kile kile ni neno, hata kama jirani halielewi, kwa hiyo huenda ukagundua ana mengi kuliko ulivyodhani. Dada naye aandike, kwa kuwa yeye ndiye atakayeyasikia mengi. Nyimbo za katuni msiziandike. Siku ya kliniki lichukue pamoja na kadi yake, na daktari akikuuliza mtoto anasema nini, mpe alisome mwenyewe.